Mama Tabia Alipotoa Kiti Nje

Wanangu mnaoanza kazi ya uuguzi wa afya ya akili, siku mlipobandika jina la Dk. Perpetua juu ya mlango wa chumba cha ushauri mliniomba niseme maneno machache. Nilisema. Lakini mvua ya siku ile mnaikumbuka. Bati lilipiga kelele kunizidi, na waliokaa nyuma walinipigia makofi kwa heshima tu, maana hawakusikia kitu. Kwa hiyo nimeona niandike. Nimestaafu, muda ninao, na mbuzi wangu hawapendi kusimuliwa.

Jina mlilobandika ni la vyeti. Huku kwetu, kuanzia machimbo ya Rwamgasa hadi vijiji vya Bukombe, aliitwa Mama Tabia. Wachimbaji ndio waliompa jina hilo. Alikuwa mwanasaikolojia wa tabia, Msumbwa wa Ushirombo, aliyesoma mbali akarudi nyumbani wakati wenzake wengi walibaki mijini. Leo karibu kila anayefanya kazi hii katika ukanda wetu amefundishwa naye, au amefundishwa na mtu aliyefundishwa naye. Hata ninyi ambao hamkumwona, mkitoa kiti nje kumfuata mgonjwa, mnafanya kazi kwa mkono wake.

Nilifanya naye kazi miaka mingi. Mimi muuguzi, yeye daktari wa falsafa. Lakini kwa kuwa mimi ni mwanamume na yeye mwanamke, wagonjwa waliniita mimi "dokta" na yeye "sista". Mwanzoni nilihangaika kuwasahihisha. Akaniambia, "Acha. Mtu akikuita dokta anatarajia sindano. Akiniita sista anatarajia kusikilizwa. Mimi nimepata jina zuri kuliko wewe."

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali kwa anayechelewa, hakupenda kugawa matobolwa yake, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na ukimletea ripoti yenye neno "mgonjwa ni mkaidi" alikurudishia na kuuliza, "Mkaidi anafananaje? Nieleze alichofanya." Ukiandika kwamba alikataa dawa, atauliza alikataaje, nani alimpa, alikuwa amekula nini, na baada ya kukataa mlimfanyaje. Kumbe tulikuwa tukimbembeleza kwa chai. "Sasa nani mkaidi hapo?" anauliza. "Mmemfundisha kwamba kukataa kuna chai."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza na la mwisho. Tazama kilichotangulia, tazama kitendo, tazama kilichofuata. Usikimbilie kuuliza kwa nini, maana mtu ukimuuliza kwa nini anatafuta jibu la kukuridhisha. Kabla yake, wodini kwetu tulijua sindano, kamba na kukemea. Sisemi tulikuwa watu wabaya. Hizo ndizo zana tulizopewa.

Nitawapa mfano mdogo kabla ya ule mkubwa. Kwenye duara moja la wachimbaji wadogo, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, vijana walipewa kofia ngumu na hawakuzivaa. Walihubiriwa na kila mtu, walionyeshwa picha za vichwa vilivyopasuka, wakaitikia "ndiyo, ndiyo" na kuziacha zikining'inia kwenye miti. Mama Tabia alikwenda akakaa pale asubuhi nzima akitafuna matobolwa. Hakusema kitu. Akaona kwamba kila kijana akifika mdomoni mwa shimo anavua kofia ndipo afunge tochi yake kwenye paji la uso, kwa sababu mkanda wa tochi ulikuwa unateleza juu ya kofia. Basi. Akaomba vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, wakaikaza tochi juu ya kofia. Tangu hapo asiyevaa kofia hana mwanga. Hakuhubiri hata neno moja. Siku hiyo ndipo wakamwita Mama Tabia.

Sasa nije kwa Maduhu, maana ndiye aliyenifundisha kazi hii inafika wapi na inaishia wapi.

Maduhu alikuwa mchimbaji, baba wa mtoto mmoja wa kike, Kabula. Duara lao liliporomoka akafukiwa pamoja na mwenzake. Yeye alitolewa hai, mwenzake alitolewa amekufa. Bega lilipona haraka, lakini mtu aliyerudi nyumbani hakuwa yule aliyetoka. Mkewe, Minza, alimleta hospitalini kwetu, na walipofika mlangoni pa chumba cha Mama Tabia, mwanamume akagoma. Alishika fremu ya mlango kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Ingia ndani, Baba Kabula," nikamwambia.

"Hapa hapa panatosha, dokta."

"Watu wanakusikia hapo."

"Wasikie."

Minza akaeleza kwa aibu. "Tangu atoke kwenye kifusi haingii kwenye nyumba yenye mlango. Analala nje ukutani. Hata chooni anaacha wazi, mimi nasimama kumkinga na kanga."

Watu wa foleni wakacheka. Maduhu hakucheka, jasho lilikuwa linamtiririka na jua lenyewe halijapanda. Mama Tabia akainuka, akashika kiti chake, akatoka nacho. Akapita foleni, akaenda mpaka kule nyuma walikoanika mashuka ya wodi, mahali pasipo na masikio. Akakiweka chini.

"Hapa unapumua vizuri?"

"Hapa ndiyo, sista."

"Basi ofisi imehamia hapa."

Wanangu, jambo hilo linaonekana dogo. Lakini mtu yule alikuwa ameshapita kwa watu wengi na wote walikuwa wamemvuta aingie. Mama Tabia ndiye wa kwanza aliyetoka.

Pale kwenye mashuka ndipo Minza alipoleta neno lililomtia hofu kuliko ugonjwa wa mumewe. "Nyumbani kuna maneno," alisema. "Shemeji Masele amekwenda kwa mpiga ramli. Ameambiwa aliyemfunga ndugu yake ni mtu wa ndani, mwenye macho mekundu. Na sisi pale kwetu mwenye macho mekundu ni Bibi Milembe."

Nyote mmezaliwa huku, sina haja ya kuwaeleza maneno kama hayo yanamfikisha wapi bibi kizee.

Tulikwenda nyumbani kwao. Bibi Milembe alikuwa mama mdogo wa Masele na Maduhu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyewalea. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye ulimi mwepesi, na macho yake yalikuwa mekundu kweli, kama ya kila mwanamke aliyepikia mavi ya ng'ombe na mabua maisha yake yote katika nchi isiyo na kuni. Masele, kaka mkubwa, alikuwa mfugaji mwenye sauti. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akatueleza habari za ramli bila kuficha, kama anayesoma majibu ya maabara. Bibi alikuwa anasikia yote kutoka jikoni.

Mama Tabia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekusikia, Masele. Unampenda mdogo wako. Nipe nafasi nijaribu na ya kwangu."

Njiani nilimuuliza kwa nini hakumwambia kwamba ramli ni uongo. Akanijibu, "Ukimwambia mtu mwenye hofu kwamba ni mjinga, hofu haitoki, inaongezewa hasira. Mwache aone kwa macho yake mdogo wake anapona bila mtu kuguswa. Hakuna hotuba itakayoshinda hilo." Nikaona ni sahihi. Bado naona ni sahihi, ila ilihitaji muda, na muda haukuwa wetu.

Tiba ya Maduhu ilianza na swali. "Unapochimba duara jipya, unashukaje?"

"Nashuka kidogo," akasema. "Naweka matimba, yale magogo ya kushikilia udongo. Nikiona yameshika, nashuka tena."

"Na ukiruka bila matimba?"

"Si ndivyo tulivyofanya," akasema.

"Sasa kwenye nyumba yako tutashuka na matimba. Wewe ndiye utakayesema tumeshika au hatujashika."

Ndivyo walivyofanya. Kwanza alisimama kizingitini, mlango wazi, mpaka moyo wake ukatulia wenyewe. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu ndipo wengi mnapokosea: usimtoe mgonjwa hofu ikiwa juu kabisa. Ukimtoa hapo, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomponya. Mwache akae mahali anapopaweza mpaka hofu ishuke yenyewe, ndipo atoke. Na usimsifu kwa kusema "wewe ni shujaa". Sifia kitendo: "Leo umekaa na uji wako mpaka ukaisha." Minza alishika mambo haya upesi kuliko mimi. Alikuwa akimwekea uji ndani, kila mara mbele kidogo kutoka mlangoni, na yeye mwenyewe anakaa karibu akichambua choroko, wala hamwangalii.

Maduhu akafika mahali pa kukaa ndani kabisa, mlango wazi, akala na mtoto wake. Kabula alifurahi hata akawa anawaita majirani waje waone baba yake amekaa kwenye kochi.

Aliyekuja kuona ni Masele. Akaona mdogo wake amekaa ndani ametulia, akadhani kazi imebaki kidogo na yeye anaweza kuimaliza. Akavuta mlango, akatia komeo kwa nje. "Kaza moyo, mwanaume!" akapiga kelele. "Umeshapona!"

Maduhu alivunja dirisha la mbao kwa mikono, akatoka na damu, akakimbia. Hakuna aliyejua amekwenda wapi. Na Masele, badala ya kusema mimi ndiye niliyetia komeo, akasema kile ambacho ni rahisi zaidi kukisema. Kwamba Bibi amemmaliza.

Minza alinipigia simu kesho yake asubuhi. Hakulia. Alisema, "Dokta, wameanza kukusanyika." Polisi tuliwapigia, wakawa njiani, lakini sisi tulikuwa karibu zaidi. Mama Tabia alipanda gari la hospitali bila kubadilisha kandambili.

Tulipofika, wanaume walikuwa wamesimama penye zizi wakiwa na fimbo. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, ametazama simu yake kama mtu anayesubiri ujumbe muhimu sana. Na Bibi Milembe alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya kibanda chake, anachambua majani ya kunde. Vidole vyake havikuacha kuchambua. Minza alikuwa amesimama nyuma yake, amembeba Kabula mgongoni ingawa Kabula alishakuwa mkubwa wa kutembea. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa amempanga mtoto hapo makusudi. Hakuna ambaye angerusha kitu upande ule.

Nilitegemea Mama Tabia apaze sauti. Hakupaza. Alianza kusalimia. "Mwangaluka," akasema, akampa mkono wa kwanza, akampa wa pili, akawapitia wote. Wanangu, ni vigumu kushika fimbo na mkono wa mtu kwa wakati mmoja. Wengine waliihamishia fimbo mkono wa kushoto, wengine wakaiegemeza zizini. Wazee akawaamkia shikamoo, wakalazimika kuitikia marahaba. Alipomaliza akaenda kwa bibi, akainama, akamtazama macho.

"Macho haya yanaumwa," akasema kwa sauti ya kusikika. "Ni ugonjwa wa moshi, na una dawa. Namchukua kwenda Shinyanga, kwa binti yake, atibiwe kule. Masele, njoo ushike kigoda cha mama."

Masele alikuwa amesimama mbele ya wenzake.

"Mimi?"

"Wewe ni mkubwa wa nyumba. Nani mwingine atakibeba?"

Bibi alisimama mwenyewe. Masele akaja, akachukua kigoda, akakipeleka kwenye gari. Tukaondoka. Tulipoipita Kahama ndipo Bibi Milembe akasema, "Majani yangu ya kunde nimeyaacha yatanyauka."

Nilimuuliza Mama Tabia baadaye kwa nini alimtuma Masele kigoda. Akasema, "Mikono ile ilikuwa inasubiri kazi. Nikaipa kazi." Nami nimewahi kuwaona watu wenye vyeo wakifika mahali kama pale na maneno mazito ya sheria, maneno ya kweli kabisa, na mambo yakaharibika. Sheria ina nafasi yake, na polisi walipofika walifanya yao, wakachukua maelezo, mpiga ramli akahama kijiji. Lakini zile dakika za kwanza zilihitaji mtu anayejua mikono ya watu.

Maduhu alipatikana Chato. Alikuwa anaanika dagaa ufukweni, analala kwenye mchanga. Minza ndiye aliyemfuata kwa basi. Maduhu alikubali kurudi kwa sharti moja, ufunguo wa nyumba akae nao yeye. Mama Tabia akaongeza lake: komeo la nje ling'olewe kabisa. Akaling'oa Maduhu mwenyewe kwa nyundo. Wakaanza upya kutoka kizingitini, na kwa muda mrefu ilikuwa polepole kuliko mara ya kwanza, maana sasa mwili wake ulikuwa na ushahidi kwamba milango inafungwa kweli. Ilichukua msimu mzima wa kilimo. Asubuhi moja Minza alinipigia, akasema tu, "Amelala ndani. Bado anakoroma." Nilikaa kwenye benchi la wodi nikacheka peke yangu kama mgonjwa.

Hakurudi chini ya ardhi. Ndugu wa duara walimshawishi, wakasema kama umepona si ushuke? Mama Tabia akawaambia kupona si kurudi mahali palipotaka kukuua, kupona ni kuchagua. Akachagua kuuza magogo ya matimba, na hauzi kwa mtu mpaka akague shimo lake. Wanamlalamikia kwa usumbufu, ila wanakwenda kwake.

Mpaka hapo mngedhani hadithi imeisha. Mimi nilidhani hivyo. Maduhu akasema sasa anakwenda Shinyanga kumrudisha mama mdogo. Alipanda basi lililojaa, akakaa dirishani, akafika. Nilikuwa nimeongozana naye. Bibi alimpokea kwa shangwe, akamshika uso kwa mikono miwili, akamwambia, "Ng'wanone, mwanangu, umenenepa." Macho yake yalikuwa yamekuwa meupe zaidi kwa dawa. Tukala, tukazungumza. Kisha Maduhu akasema, "Mayu, mama yangu, twende nyumbani. Nimepona. Wote wameona kwamba hukuwa wewe."

Bibi akakusanya vyombo. "Siludi," akasema, kwa ile 'l' yetu ya Kisukuma.

"Mayu, hakuna tena maneno."

"Wewe umepona. Mimi je, nimepona?"

Tulirudi bila yeye. Nilimwendea Mama Tabia na mpango tayari kichwani: tumfanyie Bibi kama tulivyomfanyia Maduhu, hatua kwa hatua, aje kwanza mpaka stendi, kisha mpaka njia panda. Nilijiona nimeiva. Alinisikiliza, akaweka chini bakuli la matobolwa, jambo ambalo hakulifanya kwa urahisi.

"Maduhu alikuwa anaogopa nyumba ambayo haiwezi kumwangukia," akasema. "Hofu yake ilikuwa inamdanganya, tukamsaidia aigundue. Bibi Milembe anaogopa watu walioshika fimbo kweli. Hofu yake haimdanganyi. Hofu inayosema kweli hatuitibu kwa mwenye kuogopa. Tunaitibu kwa anayeogopesha."

"Kwa hiyo mgonjwa ni nani?"

"Masele. Ila usimwambie, atakuja na kadi ya kliniki."

Mkisahau mengine yote, shikeni hilo. Nimeona vijana wazuri wakimfundisha mke anayepigwa namna ya kuvuta pumzi atulie. Pumzi ni nzuri. Lakini nani anakwenda kuzungumza na mume?

Masele tangu siku ya kigoda alikuwa akipita mbali na kile kibanda. Mtu mwenye aibu hufanya kama mwenye hofu, hukwepa, na kila akikwepa aibu inakuwa kubwa zaidi. Mama Tabia hakumtaka aombe radhi. Alimtaka apeleke maziwa. "Una ng'ombe. Mama yako mjini ananunua maziwa ya mgando ya watu. Peleka ya kwako."

Mara ya kwanza alifika mpaka mtaa wenyewe, akamwachia jirani kibuyu, akakimbilia stendi. Binti ya Bibi alitusimulia kilichofuata. Bibi alikiangalia kile kibuyu, akammiminia paka kwenye kisahani, akakaa kumtazama paka mpaka jua likazama. Paka hakufa. Akalala, akaamka akataka tena. Bibi akasema, "Basi paka ameyapenda," akampa yote.

Mara ya pili paka alipata nusu. Masele naye akafika mpaka uani. Wakati mwingine alibaki amesimama tu, bibi hamwambii kaa. Masele alilalamika kwa Mama Tabia kwamba anadharauliwa. Akajibiwa, "Ndiyo. Peleka maziwa."

Mimi nilikuwepo siku walipozungumza. Bibi alikuwa anafuma kikapu, hakuinua kichwa.

"Masele. Siku ile uliponitazama pale zizini, ulikuwa unamwona nani?"

Yule mtu mwenye sauti alizungumza kama mtoto wa shule. "Nilikuwa naogopa, mayu. Nilijua nimetia komeo mimi. Nikaogopa watu wajue."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na mimi niliyekuogesha," akasema Bibi. Akaendelea kufuma. Masele alipiga magoti kwenye vumbi, akakaa hivyo, na Bibi hakumwambia inuka mpaka alipomaliza mstari wake wa ukili. Kisha akamwambia maziwa ya leo amwekee ndani, maana paka amekuwa mnene.

Hata hivyo Bibi hakurudi bado. Tulipata simu zao, tulisikia Kabula amepelekwa kumsalimia, tulisikia Maduhu na Minza wamempelekea mchele. Kila mara jibu lilikuwa lile lile. Mama Tabia alistaafu kabla yangu, akaenda kuishi kwao Ushirombo, akalima mihogo vibaya sana, akaendelea kunipigia simu kuuliza, "Bibi amesemaje?" Nilimjibu bado. Alisema, "Vizuri. Msimharakishe." Akaugua, akafariki bila kujua mwisho wa habari ya Bibi.

Kwenye mazishi yake kanisa halikutosha. Walikuwepo wakubwa kutoka vyuoni, waliosoma hotuba nzuri, na walikuwepo wachimbaji wengi waliosimama nje na kofia zao ngumu mkononi. Bibi Milembe alikuja kutoka Shinyanga na binti yake. Maduhu, Minza, Kabula na Masele walikuja kutoka upande wa Geita. Walikaa mbali naye. Makaburini nilimwona Bibi amemsogelea Minza, wamesimama bega kwa bega.

Baada ya chakula nilimsindikiza Bibi stendi ya mabasi. Familia nzima ikatufuata nyuma kwa umbali wa heshima. Pale Ushirombo, kama mnavyojua, basi la Kahama na Shinyanga linakwenda huku, la Geita linakwenda kule. Nikamuuliza binti yake wanakaa wapi, mbele au nyuma, ili nikate tiketi.

Bibi akasema, "Huyu mkatie ya Shinyanga. Mimi nikatie ya Geita."

Nilidhani sikusikia. Masele alikuwa amesikia, akapiga hatua mbele, Maduhu akamshika mkono akae alipo.

"Ya kwenda na kurudi," Bibi akaongeza.

Kijana wa tiketi akacheka. "Bibi, hatuna ya kwenda na kurudi. Unakata ya kurudi siku ya kurudi."

"Basi andika hapo kwamba nitarudi siku nikitaka."

"Haina sehemu ya kuandika hivyo, bibi."

"Andika pembeni."

Yule kijana akanitazama mimi, akawatazama wale waliosimama nyuma yetu, kicheko kikamtoka usoni. Akachukua kalamu, akaandika pembeni ya tiketi. Bibi akaipokea, akaisogeza mbali na macho ili aisome, akaisoma kwa utaratibu, kisha akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Akapanda basi mwenyewe. Minza akampisha dirishani. Maduhu na Kabula wakakaa ng'ambo. Masele alikuwa anaelekea viti vya nyuma kabisa, ameinamisha kichwa, Bibi akamwita kwa sauti iliyosikika mpaka nje nilikosimama.

"We Masele! Usikae nyuma yangu. Kaa hapa mbele, nikuone."

Masele akarudi, akakaa mbele yake.